Cucu na Kisu cha Kujifungua

Enzi zetu, mtoto mwenye vidole kumi visivyo na kovu hata moja alitazamwa kwa mashaka. Watu walijiuliza kwao analelewa vipi, kama kuna kazi yoyote anayofanya, au labda ni mgonjwa na wazazi wanaficha. Sisi tuliokulia upande wa Chaka, penye baridi ya mlima na vumbi la Kieni kwa pamoja, tulikata kila kitu. Tulikata nyasi za ng'ombe kabla ya kwenda shule na baada ya kutoka. Tulichonga pia za kuchezea, tukachonga magurudumu ya magari ya miti ambayo hayakuwahi kuwa duara. Penseli tuliichonga kwa nusu ya wembe, nusu ya pili ikiwa ya jirani wa dawati, mpaka ikabaki fupi kama jino la ng'ombe na mwalimu akakuuliza kama siku hizi unaandika kwa kucha.

Na miwa. Mwenye kisu shuleni alikuwa na marafiki wengi kuliko mtoto wa chifu. Sisi wengine tulimenya kwa meno, na ndiyo maana watu wa rika langu tunacheka tukiwa tumefunga midomo. Wajukuu wangu wananunua muwa uliokwisha kumenywa, ukakatwakatwa, ukafungwa kwenye karatasi kama peremende. Mmoja wao alipoona muwa mzima sokoni Karatina aliniuliza kama ule ni mwanzi wa kujengea. Nilimwambia ndiyo, tulijengea tumbo.

Lakini nataka kusimulia habari za kisu kimoja tu, na jinsi kilivyonunuliwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkalimani siku hiyo na aibu yake bado ninayo.

Kisu kilikuwa cha nyanya yangu mzaa baba, Cucu Nyawira. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, kwa hiyo baba yangu aliniita "Mama" nikiwa mtoto wa miaka kumi. Jambo hilo lilinipa kiburi kisicho na faida yoyote, maana viboko nilipata kama wenzangu. Cucu mwenyewe aliniita "mwenzangu". Alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka kama mwiko, na kitambaa cheupe kichwani kilichofungwa kwa nguvu hata ukadhani ndicho kinachomsimamisha. Muda wote alikuwa na kisu kidogo cha kukunja ndani ya kiondo chake, alichokipata zamani akiwa kibarua katika shamba la Mzungu. Kwa kisu hicho alimenya nduma, alikata kamba za kusukia kiondo, alikata kucha zake na zetu, na jioni alimenya muwa ganda likateremka refu bila kukatika mpaka chini.

Asubuhi moja ya msimu wa baridi, miaka michache baada ya Uhuru, aliamka akakuta mkono wake wa kulia umelala. Mkono huo haukuamka tena. Daktari wa Nyeri alisema ni mambo ya damu, akampa vidonge, akamwambia apumzike. Kumwambia Cucu apumzike ni kama kumwambia jogoo anyamaze.

Shida haikuwa kukata. Mkono wa kushoto ulijifunza kukata upesi. Shida ilikuwa kukifungua kile kisu, maana kisu cha kukunja kinataka mkono mmoja ushike na mwingine uvute. Cucu akaamua kukivuta kwa meno. Alikifungua hivyo wiki mbili, kisha siku moja kisu kikafunguka na jino likatoka, vyote kwa pamoja. Hapo ndipo baba mkubwa alipoingilia kati.

Baba mkubwa Ngunjiri, ndugu mkubwa wa baba yangu, alikuwa mzee wa kanisa na mtu mwema sana. Wema wake ulikuwa wa aina ile inayochosha. Alikichukua kisu, akakifungia katika sanduku lake la bati, akasema, "Mama, boma hili lina mikono zaidi ya thelathini. Ukitaka kitu kikatwe, sema tu."

Na kweli mikono ilikuja. Mama yangu na mke wa baba mkubwa walimmenyea nduma. Walimmenyea muwa, wakaukata vipande vidogo, wakaviweka katika sahani yenye maua, wakamletea kwa magoti. Cucu aliitazama ile sahani kama mtu aliyeletewa barua ya mtu mwingine. Wakishaondoka aliisukuma kwangu.

"Kula, mwenzangu," aliniambia. "Mimi nimelishwa mara mbili katika maisha yangu. Mara ya kwanza sikujua. Hii ya pili naiona."

Mimi nilikula. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto na tumbo halina huruma, niliomba Mungu amponye Cucu, lakini asifanye haraka.

Alikonda. Aliacha kwenda mtoni. Aliacha kugombana na majirani, na hilo ndilo lililotutisha hasa.

Kisha ikaja siku moja ya soko pale Chaka. Tulikuwa tumekwenda kununua chumvi, mimi na yeye. Upande wa mifugo, mchuuzi mmoja mgeni asiyejua Kikuyu, mwenye kofia ya kufuma, alikuwa amemshika mbuzi pembe kwa mkono wa kushoto, akitaka kumkata kamba. Akaingiza mkono wa kulia mfukoni, akatoa kitu kama kipande cha pembe, akabonyeza. Tak. Wembe ukaruka nje wenyewe. Akakata kamba.

Cucu alisimama. Chumvi ikasahaulika.

"Mwambie arudie," aliniambia.

Nilimwambia. Mchuuzi akacheka, akarudia. Cucu akataka tena. Mara ya tatu mchuuzi alinogewa, akataka kuonyesha vizuri, akamwachia mbuzi ili atumie mikono yote miwili kueleza. Mbuzi alipita katikati ya viazi vya watu, akaingia kwenye kabichi, na soko zima likawa mbio. Walipomkamata, mchuuzi alirudi akihema, na Cucu alikuwa bado amesimama palepale.

"Muulize amekitoa wapi."

Kilitoka Nanyuki, alisema, katika duka lililo nyuma ya msikiti, kwa Mzee Twaha.

Wiki iliyofuata Cucu aliuza kondoo wake dume bila kumwambia mtu, kisha akamwarifu baba mkubwa kwamba anakwenda Nanyuki kutafuta dawa ya mkono, na kwamba atakwenda na mimi. Baba mkubwa alifurahi, akatuombea safari njema kwa sala ndefu. Cucu aliitikia amina kwa sauti. Hakuwa amesema uongo, ila alikuwa ameukaribia sana.

"Wewe unasoma," aliniambia tukiwa njiani. Yeye alijua Kikuyu tu na maneno machache ya Kiswahili ya kumwitikia Mzungu. "Huko utakuwa mdomo wangu."

Niliichukua kazi hiyo kwa uzito. Nilikuwa darasa la nne, na Kiswahili nilichokijua kilikuwa cha "hili ni dawati" na "Juma anapiga mpira". Njia nzima, mlima ukiwa upande wetu wa kulia, mweupe kileleni, nilikuwa naunda sentensi. Kisu kinachofunguka chenyewe, utakisemaje? Nikakumbuka mwalimu alitufundisha kwamba ukitaka kusema mtu anajifanyia jambo mwenyewe unatia "ji". Kujiosha. Kujikata. Kujificha. Basi kufungua, ukitia "ji", inakuwa kujifungua. Nilijiona profesa.

Duka la Mzee Twaha lilikuwa la giza na harufu ya kamba mpya, mafuta ya taa na iliki. Juu zilining'inia kengele za ng'ombe, taa za chemni na hatamu za farasi walizoacha walowezi waliouza mashamba wakarudi kwao. Mwenyewe alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, ameketi nyuma ya kaunta ya mbao, anakunywa chai.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Karibuni."

"Cucu yangu iko na shida ya kisu. Anataka kisu ya kujifungua."

Mzee Twaha alitua kikombe. Alimtazama Cucu kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu vyake vya tairi.

"Nani anajifungua?"

"Ni yeye."

"Huyu?"

"Ndiyo. Lakini mkono yake moja imekufa. Kwa hivyo anataka kujifungua na mkono moja."

Mzee akashika ndevu. "Binti yangu," akasema polepole, "mpeleke bibi hospitali. Ni hapo juu tu, si mbali."

"Hospitali hapana," nikasema. "Baba mkubwa anajua tuko hospitali. Lakini Cucu anataka kujifungua hapa kwa duka."

Akamwita mkewe. Kutoka nyuma ya pazia akaja mama mmoja mnene, amejifunga leso mbili, mikono ina unga. Wakanong'onezana. Yule mama akamsogelea Cucu, akamshika bega kwa upole, kisha akaweka viganja vyote viwili tumboni mwake na kubonyeza huku na huku.

Cucu alisimama wima bila kujua la kufanya. Akanigeukia, akauliza kwa Kikuyu, "Mwenzangu, huyu mwanamke anatafuta nini tumboni mwangu? Wanadhani kisu nimekimeza?"

Aliyejibu si mimi. Alikuwa Mzee Twaha, na alijibu kwa Kikuyu safi kushinda cha katekista wetu.

"Mama, utusamehe. Huyu mtoto wako ametuambia kwamba uko karibu kuzaa."

Baadaye tulijua kwamba alizaliwa Nyeri mjini, akacheza utotoni na watoto wa Kikuyu. Lakini wakati huo hakuna aliyeuliza. Cucu alimtazama mzee, akamtazama yule mama mwenye unga, akatazama tumbo lake mwenyewe lililokuwa bapa kama ubao, lenye alama mbili nyeupe za viganja. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la chumvi, akafuta machozi kwa ule mkono mzima, akaanza upya. Mke wa Mzee Twaha naye akaketi kando yake, wakashikana kama dada wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Cucu akicheka tangu mkono ulale. Mimi nilikuwa natamani ardhi ipasuke inimeze, lakini hata katika aibu ile niliona jambo hilo.

"Kujifungua ni kuzaa, binti," Mzee Twaha aliniambia kwa upole. "Kisu unachokitaka kinafyatuka. Kisu cha kufyatuka. Sema."

Nikasema. Kuanzia hapo kazi yangu ya ukalimani ikaisha. Nilipewa kaimati katika bakuli nikaketi pembeni. Ndiyo siku niliyojifunza kwamba mtu akifutwa kazi vizuri, hasikii uchungu.

Mzee Twaha alitandaza gazeti juu ya kaunta, akaweka visu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa kizuri sana, mpini mweupe wa mfupa, vijipete vya shaba huku na huku. Cucu alikigeuzageuza. "Hiki kimevaa kama bwana arusi," alisema. Akakibonyeza, kikafyatuka kwa sauti tamu. Kisha akabaki nacho mkononi, wembe nje, akikitazama.

"Kinafunguka chenyewe," akasema. "Na kufunga je?"

Mzee akamwonyesha. Nyuma ya mpini palikuwa na kijichuma cha kuinua kwa kidole gumba, halafu wembe unarudishwa kwa mkono wa pili.

"Wa pili upi?" Cucu aliuliza.

Mzee Twaha alikuna kichwa. Sidhani kama alikuwa amewahi kulifikiria hilo. "Aliyekitengeneza alidhani kila mtu ana mikono miwili," alisema.

"Hakuniuliza," Cucu akasema, akamweka bwana arusi kando.

Cha pili kilikuwa chekundu, chepesi, na kilifunguka hata ukikitazama kwa ukali. Cucu alikitia ndani ya kiondo, akanikabidhi kiondo, akaniamuru niruke kuzunguka duka. Niliruka, mdomo umejaa kaimati. Mzunguko wa pili kikasikika tak, na ncha ya wembe ikatokeza nje ya kiondo karibu na goti langu. Hicho nacho kikawekwa kando.

Cha tatu kilikuwa kibaya kwa sura. Kilikuwa cha Mzungu mmoja aliyeuza kila kitu akaondoka. Mpini wake ulikuwa wa pembe nyeusi yenye ufa, mzito, na kitufe chake kikubwa kama kifungo cha koti la askari. Kwa mtu wa kushoto kitufe kilikuwa upande usiofaa, kwa hiyo Cucu alilazimika kukibonyeza kwa kidole cha shahada. Mara tatu kidole kiliteleza. Mara ya nne, tak. Wembe ulikuwa mfupi, mpana, umeinuka kidogo mbele.

Sasa kufunga. Hiki hakikuwa na kijichuma cha nyuma, kitufe kilekile ndicho kilichofungua na kuachia. Cucu alikibonyeza tena, akauegemeza mgongo wa wembe kwenye ukingo wa kaunta, akasukuma. Ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza. Mteja aliyeingia kununua mafuta ya taa akasimama kutoa shauri, na wa pili akampinga. Cucu hakumsikiliza hata mmoja. Alirudi nyuma hatua moja, akaegemeza wembe kwenye paja lake juu ya kanga, akasukuma kidogo kidogo, na kisu kikajikunja, kikalia kama mlango mdogo unaofungwa.

Akakifungua, akakifunga. Akakifungua, akakifunga. Alifanya hivyo mara nyingi sana, na yule mteja wa mafuta ya taa akasahau chupa yake mlangoni mtu akaipiga teke.

"Hiki," Cucu alisema.

Mzee Twaha alimwambia ukweli, na hilo nililikumbuka nilipokuwa mkubwa. Alimwambia kwamba kile cha mpini mweupe kingempa yeye mwenye duka faida zaidi, lakini hiki ndicho cha Cucu. Bei waliizungumza kwa sauti ya chini, wakaafikiana kabla kaimati hazijaisha. Kisha akamwonya. "Mama, hiki ni kisu cha kazi, lakini vijana wabaya wameviharibia jina visu vya namna hii. Usikitoe mbele ya watu kwa kujionyesha. Na kikikataa kufunguka, mimi nipo hapa."

Tulirudi nyumbani. Baba mkubwa aliuliza kama dawa imepatikana. Cucu akasema imepatikana, ila inatumiwa taratibu.

Kwa wiki tatu tulikuwa na siri. Kila jioni nyuma ya ghala la mahindi Cucu aliketi juu ya gogo, akaubana muwa kwa magoti, akamenya. Mwanzoni ganda lilikatika vipande vipande. Baadaye likaanza kuteremka. Zile sahani zenye maua aliendelea kuzipokea, nami niliendelea kuzila, kwa hiyo nilikuwa nala muwa mara mbili kwa siku na nikapasuka midomo. Mama yangu aliona jinsi Cucu alivyoanza tena kugombana na jirani kuhusu mpaka, akamshukuru Mungu.

Siri ilitoka Jumapili. Baada ya ibada, akina mama wa kanisa walikuja kumwombea Cucu, na baba mkubwa akawaongoza akiwa amevaa koti na tai yake ya bluu, tai pekee katika kijiji chetu. Alitaka kusoma zaburi, akawa hana miwani. Cucu alikuwa na miwani yake ya zamani ndani ya kiondo, hivyo baba mkubwa akaingiza mkono humo akitafuta kibweta cha miwani. Akatoa kitu cheusi kirefu. Akakiinua karibu na kifua ili akione vizuri, akatafuta pa kufungulia, akabonyeza.

Tak.

Baba mkubwa hakuumia. Alibaki amesimama vilevile, macho ameyatoa. Kipande cha tai ya bluu, kama ukubwa wa ulimi wa mbuzi, kilianguka taratibu juu ya kitabu cha zaburi.

Mama mmoja akasema "Yesu" kwa sauti ndogo.

"Hiki ni cha nani?" baba mkubwa akauliza, akinitazama mimi. Sijui kwa nini kila mara walianza na mimi.

"Ni changu," Cucu akasema.

"Mama, hiki ni kisu cha majambazi. Askari wakikikuta hapa tutaeleza nini? Mimi ni mzee wa kanisa." Aliuelekeza ule wembe mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika nyoka. "Nitakitupa chooni sasa hivi."

"Utakitupa," Cucu akasema. "Lakini leteni muwa kwanza."

Nilikimbia mimi. Nilirudi na muwa mrefu kuniliko. Cucu alinyoosha mkono, na baba mkubwa, ambaye hakuwahi kumnyima mama yake kitu akiombwa mbele ya watu, akampa kile kisu. Cucu kwanza alikifunga kwenye paja, waone. Kisha akakifungua. Akabana muwa kwa magoti, akaanza kumenya. Ganda liliteremka refu, likajikunja chini kama utepe, na chumbani ukasikika tu ule mlio wa wembe ukipita. Alikata kipande kimoja kinene, akampa baba mkubwa.

"Ngunjiri," alisema. "Wewe ulizaliwa katika shamba la Mzungu, msimu wa mvua, wanawake wote wakiwa wamepelekwa kuchuma pareto. Nilikuwa peke yangu. Kitovu chako nilikikata mwenyewe, na kisu nilikishika kwa mkono huu wa kulia uliolala. Hakuna aliyeniambia nitulie nikatiwe. Sasa nataka kukata muwa. Muwa tu."

Baba mkubwa alisimama na kipande cha muwa mkononi na nusu tai shingoni. Mwishowe akaketi, akatafuna. Alitafuna muda mrefu, na akina mama wakaangalia pembeni, kwa sababu mtu akitafuna muwa huku analia ni vigumu kujua umsaidie nini.

"Ni mtamu," alisema.

Habari ya choo haikutajwa tena. Mwezi haukuisha kabla hajanikuta kwenye zizi akakohoa mara mbili tatu, akaniuliza kwa mbali, kama mtu anayeulizia mvua, kama yule mzee wa Nanyuki alibakiwa na visu vingine. Nilimwambia kipo cheupe, kimevaa kama bwana arusi. Alikwenda akakinunua, na kila harusi ya ukoo alikatia keki kwa kisu hicho, akisisitiza kwamba ni cha kazi.

Cucu aliishi miaka mingi na mkono wake mmoja. Kila mara springi ilipochoka alikwenda mwenyewe Nanyuki, akakaa huko kutwa na mke wa Mzee Twaha, wakarudia kucheka kile kichekesho changu mbele ya kila mgeni. Nilikuwa nimeolewa tayari Murang'a, Cucu aliposhikwa na homa akatuacha. Tulipokuwa tukijiandaa kumshusha kaburini, tuliona mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe anapanda kilima polepole, amesaidiwa na wanawe wawili, kofia yake mkononi. Alikuwa ametoka Nanyuki. Alisimama nyuma na wanaume wa ukoo mpaka tulipomaliza kufukia, kisha akaombwa aseme neno kama mgeni. Akasema kwa Kikuyu chake kile safi, "Mimi sina undugu na huyu mama. Mimi ni mwenye duka tu. Alikuja kununua kitu, akakaa asubuhi nzima akichagua, tukajuana."

Siku hizi wajukuu wangu wananunua vitu wakiwa wamelala kitandani. Wanapapasa kioo cha simu kwa kidole, kesho yake pikipiki inaleta boksi. Viatu vikija vidogo wanacheka tu, wanavisukuma chini ya kitanda, wanapapasa vingine. Nimewauliza huyo mwenye duka ni nani, wakanijibu, "Shosh, hakuna mtu. Ni simu tu." Nimewauliza kama ana mke, kama anajua nyumbani kwetu ni wapi. Wanaona ni uzee unanisumbua.

Basi mimi nimewapa kazi moja. Nimewaambia siku yangu ikifika wamtumie ujumbe huyo anayewauzia viatu, wamwambie shosh amefariki, mazishi ni saa nne, na njia ni ya kupanda kutoka Chaka. Halafu wasimame juu ya kilima, watazame kama kuna mtu anakuja.